Usipoziba ufa: bahari inapanda, nasi tunajenga ufukweni

Maoni ya msomaji wetu, Maskati

Kila mmoja wetu anayeishi nje ana ndoto moja isiyomtoka, nayo ni kurudi nyumbani siku moja akajenge. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na wengi wetu tukishapata visenti hatutaki nyumba popote tu. Tunataka ufukweni, tuamke alfajiri tuone ngalawa zikitoka na tulale kwa sauti ya mawimbi. Mimi ni mmoja wao. Makala haya ni ya kukiri kosa langu, na pia ni ya kuwaomba wenzangu wasilirudie.

Mwaka 2011 nilinunua kiwanja katika kijiji kimoja cha mashariki ya Unguja. Sitakitaja jina, kwa sababu wahusika wote wapo hai na tunasalimiana. Kiwanja kilikuwa hatua kama arobaini kutoka pale maji yanapofika wakati wa bamvua. Nikiwa hapa Maskati nilikuwa natuma fedha kwa msimamizi, naye akinitumia picha: msingi umekwisha, kuta zimepanda, ukuta wa mbele ya bahari umesimama, kisima kimechimbwa na pampu imefungwa. Kila picha niliwaonyesha marafiki kazini. Sikuuliza hata mara moja mchanga wa matofali yale ulitoka wapi. Wala sikuuliza kisima kile kinakwenda chini kiasi gani na jirani zangu wanachota wapi.

Mwaka 2019 nilikwenda likizo. Mama yangu mdogo, ambaye amelima mwani katika pwani ile tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, alinikaribisha chai. Nilikunywa funda moja nikanyamaza. Chai ilikuwa na chumvi.

"Kunywa tu mwanangu," akaniambia huku akicheka, "hiyo ndiyo chai yetu siku hizi. Kisima kimeharibika."

Nikamwuliza tangu lini. Akanitajia mwaka, nao ulikuwa mwaka ule ule niliofunga pampu yangu. Hakunilaumu. Kwa watu wetu mgeni halaumiwi, hasa mgeni aliyekuja na mabegi. Lakini tangu siku ile swali moja halijaniacha: chumvi ile ililetwa na nani? Bahari, au mimi?

Jawabu, ndugu msomaji, ni wote wawili. Na hapo ndipo penye hoja yangu. Mazungumzo yetu kuhusu bahari kupanda yamegawanyika pande mbili. Wapo wanaosema yote ni makosa ya nchi tajiri, kwa hiyo sisi tukae tungoje fidia. Na wapo wanaosema ni kudra tu, bahari haina mwenyewe. Mimi nasema bahari inapanda kwa makosa ambayo kwa sehemu kubwa si yetu, lakini inaingia kwa milango tunayoifungua sisi wenyewe. Na sisi tuliopo nje, pamoja na fedha zetu, ni miongoni mwa wanaoifungua.

Tuanze na bahari yenyewe. Joto la ziada linalotokana na moshi wa viwanda, magari na mitambo ya umeme halibaki lote angani. Zaidi ya asilimia 90 ya joto hilo limemezwa na bahari. Na maji yakipata joto hutanuka, kama unavyoona sufuria iliyojaa ikikaribia kuchemka. Ongeza barafu inayoyeyuka Greenland, Antaktika na kwenye milima mirefu, utapata sababu kubwa za bahari kupanda. Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa linasema kati ya mwaka 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kwamba kati ya mwaka 2006 na 2018 ulikuwa ukipanda kwa milimita 3.7 kila mwaka, kasi ambayo ni kubwa kuliko ile ya miaka iliyotangulia.

Mtu atasema milimita tatu na kitu ni nini? Ni unene wa sarafu mbili. Lakini mtu wa pwani anajua kwamba bahari haikupimi siku ya maji mafu. Inakupima siku ya bamvua, tena bamvua lenye upepo. Kwetu Unguja tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita nne. Kila sentimita iliyoongezeka chini inapanda juu ya bamvua lile, na pale ambapo wazee walijua maji hayafiki, yanafika. Yakifika mara moja kwenye bonde la mpunga, chumvi hubaki hata baada ya maji kurudi. Waulizeni watu wa Kisiwa Panza, kule kusini mwa Pemba, ambako maji ya bahari yameingia kwenye mashamba waliyorithi kwa wazee wao.

Joto nalo lina hesabu yake, na waliotangulia kuilipa ni wanawake. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani. Kabla ya hapo mwanamke wa pwani ya mashariki alikuwa na kusuka makumbi, kuokota chaza na kufuga kuku. Mwani ukampa fedha mkononi mwake mwenyewe. Kina mama walijenga nyumba za mawe, walisomesha watoto, na waume waliokuwa wakinung'unika kwamba mke haonekani nyumbani maji yakipwa wakanyamaza walipoona bati jipya. Mpaka leo wakulima wa mwani Zanzibar ni zaidi ya 20,000, na takriban wanane katika kila kumi ni wanawake.

Mwani unaolimwa ni wa aina mbili. Kuna spinosamu, ambao ni mgumu lakini bei yake ni ndogo. Na kuna kotonii, ambao bei yake huwa kama mara mbili ya mwenzake, lakini hauvumilii joto. Maji yakizidi nyuzi joto 30 za Sentigredi kotonii hudhoofika, hupauka, kisha hukatika vipande na kuchukuliwa na mkondo. Kuanzia miaka ya 2000 wakulima wakaanza kuona kotonii wao unakufa, hasa wakati wa kaskazi, pale maji ya kina kifupi yanapopigwa na jua mchana kutwa. Mtafiti wetu Dk. Flower Msuya, aliyetumia miaka mingi pamoja na kina mama hao, ameeleza jambo hili mara nyingi. Sehemu nyingi za Unguja zimebaki na spinosamu peke yake. Maana yake ni kwamba mwanamke anafanya kazi ile ile, kwa mgongo ule ule, ndani ya maji yenye moto zaidi, kwa bei ya chini.

Mama yangu mdogo alinieleza haya bila kutaja nyuzi joto wala kasi ya milimita. Alisema hivi tu: "Zamani ukiingia majini saa nne unasikia baridi ya miguu. Siku hizi kama maji ya kuogea mgonjwa."

Sasa nirudi kwenye kisima, na hapa nawasemesha hasa wenzangu wa Oman, kwa sababu jambo hili tumelishuhudia kwa macho yetu. Nani asiyeijua Batinah? Ukitoka Maskati kuelekea Barka, Suwaiq mpaka Sohar, ilikuwa mitende na malimau mpaka macho yachoke. Leo kando ya bahari utaona mitende iliyokatika vichwa, mashina matupu, na mashamba yaliyoachwa. Yaliyokufa pale hayakuuawa na ukame peke yake. Pampu ziliongezeka, kila mtu akavuta maji kwa kadiri ya uwezo wake, na bahari ikaingia chini kwa chini. Serikali ya Oman ililazimika kuweka vizuizi vya kuchimba visima na kujenga mabwawa ya kurudisha maji ya mvua ardhini, kama lile la Al Khoud lililojengwa mwaka 1985. Mashamba mengi yalikuwa yamekwishaharibika.

Jambo lenyewe linafanyika hivi. Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu ya mvua hayajachanganyika na maji ya bahari. Yanaelea juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi. Wataalamu wa maji wana kanuni ya zamani inayosema kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna mita kama 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hiyo ni neema kubwa. Lakini hesabu hiyo inafanya kazi pia kwa kinyume. Ukivuta kwa pampu ukashusha maji matamu kwa mita moja, chumvi iliyo chini inapata nafasi ya kupanda kwa mita nyingi. Ndoo na kamba haikuweza kufanya uharibifu huo. Pampu yangu, inayojaza tangi la lita elfu mbili kwa ajili ya nyumba inayokaliwa wiki tatu kwa mwaka na kumwagilia majani yasiyoliwa na mbuzi, iliweza.

Na bahari ikipanda inasukuma chumvi ile ile kutoka upande wake. Basi huku bahari inasukuma, huku mimi navuta, na katikati yupo mama mzee na ndoo yake. Tuliyaona Batinah, kisha tukapeleka pampu zile zile Unguja na Pemba. Hivi kweli tumejifunza nini?

Tuje kwenye mchanga. Mchanga wa pwani si uchafu uliotupwa pale. Ndio mto wa kulalia wa mawimbi. Wimbi likija linachoka juu ya mchanga. Mchanga ukiondolewa wimbi halichoki, linapiga ardhi yenyewe. Kule Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, wataalamu wamesema kwa miaka mingi kwamba kuchimbwa kwa mchanga katika mito inayoilisha pwani ile ni sababu kubwa ya bahari kula ufukwe, mpaka majengo na soko la samaki vikaenda na maji. Wachimbaji wale hawakuchimba ufukweni kwenyewe. Walichimba mitoni, na pwani ikafa njaa.

Mfano mwingine ni kisiwa cha Maziwi, mbele ya Pangani. Wazee wa Pangani wanakikumbuka kikiwa na miti ya mivinje na kasa wakipanda kutaga mayai. Miti ikakatwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Bahari ilikuwa pale miaka yote, lakini ilisubiri mpaka mizizi ilipoondoka. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na kuta zetu je? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tumeacha ufa na kuanza na ukuta! Ukuta wa mawe mbele ya nyumba ya mtu mmoja haulindi pwani. Wimbi likigonga ukuta linarudi na nguvu zake, linachota mchanga wa mbele yake, na linakwenda pembeni kumla jirani ambaye hana ukuta. Jirani akipata fedha naye anajenga wake. Mwisho wake hakuna ufukwe, kuna kuta tu zinazotazamana na maji, na mvuvi hana pa kuvutia ngalawa yake. Ukuta wa mji, uliopimwa na wahandisi kulinda barabara ya watu wote kama ule wa Ocean Road Dar es Salaam, ni jambo jingine. Ukuta wangu mimi ulipimwa na fundi kwa macho.

Najua nitajibiwa. Wa kwanza atasema, mbona mahoteli? Mahoteli yana mabwawa ya kuogelea na bustani, yanavuta maji kuliko nyumba zetu zote. Ni kweli, na ni lazima yasemwe, na serikali ya Zanzibar iulizwe nani anapima maji yanayovutwa na nani anapimiwa. Lakini kosa la mkubwa halifanyi la mdogo kuwa halali. Tena mwenye hoteli hana mama mdogo pale kijijini. Mimi ninaye.

Wa pili atasema, fedha zetu zinaleta kazi. Fundi anakula, mbeba zege anakula. Nakubali. Fundi yule yule angekula kama ningejenga hatua mia tatu ndani, juu penye mwamba. Sheria ya Mazingira ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Waliotunga sheria hiyo hawakutaka kutunyima mandhari. Walitaka kuipa bahari nafasi ya kupumua.

Wa tatu atasema, sisi Waafrika tumechafua nini? Tanzania nzima haifikishi hata asilimia moja ya moshi wa dunia. Hilo nalo ni kweli kabisa, na wala tusiache kulisema. Tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa juhudi zilizoanzishwa na Vanuatu, nchi ya visiwa vidogo vya Pasifiki, ilitoa maoni kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda hali ya hewa, na kwamba anayevunja wajibu huo anaweza kudaiwa fidia. Mfuko wa hasara na uharibifu ulikubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 na kuanzishwa rasmi Dubai mwaka 2023. Haki hii idaiwe, na fedha hizo zikija zifike kijijini, zisiishie kwenye semina za hotelini.

Lakini tuwe wakweli. Sisi wa Ghuba, Ulaya na Marekani tunaishi upande wa wanaochafua. Viyoyozi vyetu vinanguruma usiku na mchana, magari yetu makubwa, na mishahara ya wengi wetu inatoka kwenye mafuta. Mwanakijiji wa Kisiwa Panza ana haki ya kudai fidia bila kupepesa macho. Mimi nikidai kwa jina lake, lazima kwanza nitazame mikono yangu.

Wala tusidhani kwamba huku ugenini tupo salama. Juni 2007 kimbunga Gonu kilipoingia Oman, watu wapatao 50 walikufa, na hasara ilikadiriwa kuwa dola bilioni 4. Sisi tuliokuwapo tunakumbuka Qurum ikiwa ziwa na magari yakielea. Oktoba 2021 kikaja Shaheen na kuipiga Batinah. Bahari yenye joto ndicho chakula cha vimbunga. Na nyumbani, Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita Ngazija kikaangukia Cabo Delgado, na Mei 2024 Hidaya kikaifikia Mafia. Babu zetu walisimuliana tufani ya mwaka 1872 iliyong'oa mikarafuu ya Unguja kama hadithi ya mara moja katika maisha ya watu. Sisi tunaanza kuvizoea kwa majina.

Basi tufanye nini? Sina mambo makubwa, nina matano tu.

Kwanza, tuache kununua ufukwe. Asiyenunua hajengi, na asiyejenga hahitaji ukuta. Tukinunua ndani, bei ya ufukwe nayo itashuka, na mvuvi hatashawishika kuuza mahali pa kuegesha ngalawa yake.

Pili, anayejenga aulize mchanga unatoka wapi kabla ya kutuma fedha. Tumezoea kudai risiti ya saruji na nondo. Tudai na ya mchanga.

Tatu, turudie mabirika. Nyumba na misikiti ya wazee wetu ilikusanya maji ya mvua, na masika kwetu si haba. Paa la bati au zege lenye mfereji na birika zuri linatosha nyumba yenye watu wachache kwa miezi mingi. Pampu iwe ya mwisho, si ya kwanza.

Nne, mikoko. Mkoko unavunja wimbi, unashika udongo na unalea samaki wadogo. Na kijana wa kijijini akilipwa kupanda na kulinda mikoko, fedha za jumuiya zetu zitakuwa zimejenga ukuta ulio hai.

Tano, mwani. Kotonii bado unaweza kuota kwenye maji ya kina kirefu zaidi, ambako joto ni dogo. Lakini huko kunahitaji boti, nyavu na kamba za kuelea, na kujua kuogelea, na wengi wa kina mama wetu hawakufundishwa kuogelea. Jambiani wapo wanawake waliogeukia ufugaji wa sponji baharini na wanapata riziki yao. Kila mwaka jumuiya zetu huku nje zinachangishana kwa harusi, misiba na michezo. Boti moja na mwalimu wa kuogelea haviwezi kutushinda.

Nimalizie nilipoanzia. Niliporudi Unguja mara ya mwisho nilifunga ile pampu, nikajenga birika, na majani ya bustani nikayaacha yafe. Kisima cha mama mdogo hakijarudi kuwa kitamu. Wataalamu waliniambia chumvi ikishaingia huchukua miaka mingi kutoka, na pengine haitatoka. Sasa ananywa maji ya birika langu, na ananishukuru, na shukrani ile inanichoma kuliko lawama.

Ukuta wa mbele umeanza kuliwa chini. Rafiki zangu wananishauri niuze nyumba kabla haijaharibika, kwani wanunuzi wa nje bado wapo wengi na wanalipa vizuri. Nimekataa. Nikiuza nitakuwa nimempa mtu mwingine kosa langu, naye atafungua tena pampu. Wewe unayesoma makala haya, ukiwa London, Dubai, Toronto au hapa hapa Maskati, na simu yako ina picha za kiwanja cha ufukweni ulichoonyeshwa juzi na dalali, nakuomba kabla hujatuma fedha umpigie simu mtu mmoja tu pale kijijini, umwulize chai yao siku hizi ina ladha gani.